Uch. wa Takwimu

Nyumbani kwetu shangazi anaitwa Mwaka wa Pili. Jina alipewa na baba yangu, kaka yake, kinyozi ambaye mdomo wake unanyoa kuliko mashine yake. Mgeni mmoja alimuuliza shangazi anasoma mwaka wa ngapi, akajibu wa pili. Mwaka uliofuata mgeni yuleyule akarudi, akauliza tena, akajibiwa wa pili. Aliporudi mara ya tatu baba akamwahi mlangoni: usimuulize, huyu si mwanafunzi, huyu ni kituo. Basi jina likaganda. Hata mwenye duka la kona akimwona anapita anamwita, Mwaka wa Pili, umesahau mkate.

Msimcheke kwanza. Shangazi hakufeli kitu. Alikuwa anasomea shahada ya utunzaji wa kumbukumbu kwenye chuo kimoja kidogo, akamaliza miaka miwili vizuri tu, halafu wahadhiri wakaanza kuondoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka kwenye harusi mbovu. Chuo kikafunga programu. Tangazo la kufunga lilikuwa aya moja, na aliyelichapa ni yeye mwenyewe, kwa sababu asubuhi alikuwa mwanafunzi na mchana alikuwa na kibarua cha uchapaji kwenye ofisi ya mitihani ya chuo hichohicho. Yaani unachapa barua ya kujifukuza, na katikati unasimama kurekebisha mkato. Huyo ndiye shangazi.

Ana miaka thelathini na minne. Anafanya kazi kwa wakili mmoja mjini, anachapa viapo na mikataba siku nzima, bila kuangalia vitufe, huku anabishana na wewe. Makosa ya maandishi yanamuuma kama kiatu kinachobana. Kuna saluni mtaani imeandikwa "Salini ya Kisasa" na mpaka leo hajaingia, anasema kama jina wamekosea, nywele je. Ukimtumia ujumbe bila nukta mwishoni anakujibu kwa nukta peke yake.

Kwa miaka mitatu baada ya kufungiwa mlango alikuwa anatafuta chuo cha kumpokea pale alipoishia. Kimoja kilisema hakipokei wahamiaji kabisa. Kingine kilisema kinapokea lakini lazima uanze upya, ambayo ni kumwambia mtu karibu nyumbani, kalale nje. Mwaka huu chuo kikuu cha mjini kikatoa utaratibu wa wanafunzi wa uhamisho, na shangazi akauchapa na kuubandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, ili kila akichukua gauni ausome. Sote tuliujua kwa kichwa. Somo lako lifanane na la kwao kwa robo tatu. Daraja lisishuke chini ya C. Matokeo yasiwe yamepita miaka mitano. Ukifikisha krediti sitini unaingia mwaka wa tatu. Ukipungukiwa hata na moja unaanza mwaka wa kwanza, pamoja na watoto waliozaliwa yeye akiwa kidato cha pili.

Shangazi alikuwa na sitini kamili. Si sitini na moja. Na matokeo ya muhula wake wa kwanza yalikuwa yanatimiza miaka mitano mwisho wa mwezi huohuo. Kwa hiyo ni sasa au basi, hakuna mwakani. Aliwasilisha maombi, akaanza kusubiri, na nyumba nzima ikaanza kusubiri naye bila kupenda. Aliweka chumvi kwenye chai ya bibi mara mbili. Simu ikilia, hata ya baba, alikuwa anashika kifua.

Jibu lilikuja Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye barua pepe, akiwa anachapa kiapo cha mtu aliyepoteza hati ya kiwanja. Krediti zilizokubaliwa: hamsini na sita. Chini yake mstari mmoja: somo la "Uchapaji wa Takwimu" ni la ngazi ya cheti, halihesabiki kwenye shahada. Ana siku tano za kazi kukata rufaa, aje na ushahidi. Shangazi akasoma, akafunga, akaendelea na kiapo. Wakili alipokipitia akakuta mteja wake anaapa kwamba amepoteza hati hamsini na sita. Ndipo akamwambia nenda nyumbani.

Sasa, somo la Uchapaji wa Takwimu halipo. Halijawahi kuwepo. Shangazi alisoma Uchambuzi wa Takwimu, krediti nne, akapata B. Akakimbilia kabatini, akatoa karatasi ya matokeo. Mstari wa saba umeandikwa hivi: Uch. wa Takwimu.

Alikaa kitandani na ile karatasi kama mtu aliyeshika picha ya ajali. Kwenye fomu ya maombi, pale pa kazi, alijaza "mpiga chapa". Mtu wa ofisi ya udahili kaona Uch., kaona mpiga chapa, akajumlisha. Ukimwuliza mtu yeyote angejumlisha hivyohivyo.

Kwenye kundi la familia baba hakungoja hata dakika. Akaandika kwamba yeye alidhani ni Uchawi wa Takwimu. Binamu mmoja akaleta Uchovu wa Takwimu. Mwingine Uchungu wa Takwimu, krediti nne, vitendo vinafanyika leo. Ikafika Uchokozi, Uchakavu, Uchu, mpaka mtu akaandika Uchebe, zile ndevu, na baba akadai hilo somo ni la kwake kama kinyozi. Shangazi alisoma zote. Tiki za buluu zikawaka mstari mzima, na yeye kimya. Baba alipoona kimya kinazidi akafuta ujumbe wake wa kwanza, jambo ambalo hajawahi kufanya tangu anunue simu.

Jioni alikuja na mkate akakaa naye sebuleni, akamwambia mdogo wangu, si uwaambie tu ni Uchambuzi, kwani ni siri. Shangazi akamgeuzia karatasi, akamwonyesha kona ya chini kushoto, palipoandikwa aliyechapa, na mbele yake herufi mbili ndogo. Baba akazisoma, kisha akamwangalia dada yake.

"Hizi si herufi zako?"

"Ni zangu."

Kosa lililokuwa linamfungia shangazi mlango alikuwa amelichapa mwenyewe, kwa vidole vyake, na sahihi ndogo akaweka. Na kulikuwa na baya zaidi. Neno la mwombaji si ushahidi, utaratibu unasema wazi. Sasa mwombaji ambaye ndiye aliyechapa matokeo yake mwenyewe atasemaje kitu? Akisema, watadhani alijiandikia alama. Asiposema na wao wakaziona zile herufi, watakuwa na uhakika.

Jumatatu akaomba ruhusa, akaenda chuo cha zamani. Ofisi ya mitihani alimkuta mzee wa mafaili tuliyezoea kumsikia nyumbani kwa jina la Mzee Gundi, maana kila kitu pale amekibandika yeye, mpaka mguu wa kiti chake. Alifurahi kumwona, akamfutia vumbi benchi. Shangazi akamweleza anachotaka: muhtasari wa somo, au karatasi yoyote yenye jina kamili. Mzee Gundi akafungua kabati, wakaanza. Daftari kuu la matokeo: Uch. wa Takwimu. Ratiba ya mitihani: Uch. wa Takwimu. Orodha ya mahudhurio, barua ya bodi, vibandiko vya mlangoni: Uch., Uch., Uch. Na kila karatasi kona ya chini kushoto herufi mbili zilezile. Kwa miaka miwili chuo kizima kilikuwa kinaongea kwa vidole vya shangazi.

Mihtasari ya masomo ya programu iliyofungwa ilikuwepo kweli, kwenye boksi, chini ya bati lililokuwa linavuja. Mzee Gundi alilitoa kwa mikono miwili. Karatasi zilikuwa zimeshikana zikawa tofali. Akasema hii hata mimi sikuibandika, mwanangu, hii imejibandika yenyewe. Mhadhiri wa lile somo alikwenda nchi za mbali, na ujumbe wa shangazi kwake ulikuwa na tiki moja ya kijivu tangu Alhamisi. Msajili aliyekuwepo alikuwa mpole lakini mgumu. Alisema anaweza kuthibitisha kilichomo kwenye faili tu. Kilichomo ni Uch., basi Uch. atamthibitishia, na muhuri atampa. Kweli akampa. Shangazi akarudi nyumbani na kosa lake lilelile, sasa lina muhuri mwekundu.

Jumanne hakula. Aliandika rufaa mara tano, akazichana tano. Wakili alijitolea kumsaidia akatoa kurasa tatu zenye "kwa kuwa" kumi na tisa, shangazi akamshukuru akaziweka chini ya kikombe. Jioni alikuwa mezani na karatasi ya matokeo na rula, anaipima tu bila sababu, kama mtu anayebonyeza jino linalouma. Bibi alikuwa upande wa pili anapinda sketi. Bibi ni fundi cherehani mstaafu, ingawa ukimwambia mstaafu atakuuliza hiyo sketi inajipinda. Hakuwa ameuliza chochote tangu Alhamisi. Bila kuinua macho akasema:

"Kwa nini ulilikata?"

Shangazi akajibu kwa uchovu kwamba jina halikutosha kwenye safu. Ile fomu ilikuwa na safu nyembamba, mashine ilikuwa haivuki mstari.

"Lilizidi kiasi gani?"

"Mama, ni herufi moja tu. Safu ilikuwa inachukua kumi na tisa, nafasi zikiwemo. Uchambuzi wa Takwimu ni ishirini."

Bibi akang'ata uzi. "Na hilo lao la kuchapa, lingezidi?"

Baba alikuwa mlangoni, na anaapa mpaka leo kwamba aliona nywele za dada yake zikisimama. Shangazi akashika kalamu, akaanza kugusa herufi moja moja hewani. U, ch, hapana, moja moja: u, c, h, a, p, a, j, i. Nane. Nafasi, tisa. Akafika mwisho, akarudia, akarudia tena kwa sauti. Uchapaji wa Takwimu. Kumi na tisa.

Ingetosha. Kama somo lingekuwa Uchapaji, lingeingia lote mpaka mwisho bila kukatwa hata nukta. Hakuna mpiga chapa anayekata nguo inayomtosha mtu. Na mstari wa pili wa karatasi hiyohiyo kulikuwa na Historia ya Nyaraka, kumi na tisa kamili, imeandikwa nzima, herufi ya mwisho imeegemea mstari. Shangazi alisimama, akakaa, akasimama tena. Halafu uso ukamrudi ulivyokuwa, kwa sababu akili ilikuwa imefika mbele. Ili aeleze hayo, lazima aseme anajuaje.

Alhamisi, siku ya tano, alikwenda peke yake. Baba alitaka kumsindikiza akakataliwa, akaambiwa ataongea. Kisa cha humo ndani shangazi ametusimulia mara kumi na moja na hakijabadilika neno, kwa hiyo naamini.

Chumba cha uhamisho kiko ghorofa ya pili, kina feni inayogonga kila ikizunguka, na kalenda ya mwezi uliopita. Afisa wake ni mama mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Mbele yake faili la shangazi lilikuwa wazi. Akamwambia dada, kaa, nakusikiliza. Shangazi akaweka mkoba magotini.

"Mama, kabla ya yote, hiyo karatasi niliichapa mimi."

Yule mama akavua miwani ya puani, akavaa ya kichwani. Akatazama kona ya chini kushoto kwa muda mrefu.

"Matokeo yako ulijichapia mwenyewe?"

Shangazi akaeleza. Alikuwa kibarua wa ofisi ya mitihani. Alichapa ya darasa zima, na jina lake limo humo, angelirukaje. Alama hakuweka yeye, sahihi ni ya mkuu wa mitihani, na daftari kuu lipo lenye mwandiko wa wahadhiri pembeni. Alivyokuwa anaongea anasema alikuwa anajisikia kama mteja wa wakili ambaye kila neno linamzamisha. Afisa akanyanyua simu ya mezani, akamwomba asubiri nje.

Nje kuna benchi. Alikaa dakika ishirini na mbili. Kwenye kundi sote tulikuwa tunauliza vipi, vipi, vipi, akazima simu. Kupitia mlangoni alikuwa anasikia yule mama akisema "ndiyo mzee," "sawa mzee," "nimeelewa mzee," akajua ni nani aliyepokea kule chuo cha zamani. Mzee Gundi akishika simu haachii, nayo tunadhani anaibandika. Shangazi akaanza kujiambia kwamba mwaka wa kwanza si mbaya. Akajaribu kujiona amekaa na watoto wa miaka kumi na tisa, akiulizwa kama yeye ni mhadhiri. Akaacha kujaribu.

Alipoitwa ndani, afisa alisema alama zimelingana na daftari. Hilo limepita. Lakini Uch. bado ni Uch.

Ndipo shangazi akatoa rula. Akaiweka kwenye safu, akamwonyesha Historia ya Nyaraka inavyogusa mstari, akamwomba ahesabu. Yule mama akahesabu kwa ncha ya penseli, akapata kumi na tisa. Sasa hesabu Uchapaji wa Takwimu. Akaandika pembeni, akahesabu, kumi na tisa. Akahesabu Uchambuzi, ishirini. Akarudi Uchapaji tena, safari hii kwa vidole chini ya meza. Feni ikagonga. Akasema:

"Kwa hiyo lingekuwa Uchapaji, usingelikata."

"Nisingelikata, mama. Ningepata dhambi."

Yule mama akacheka kidogo puani, halafu akajirudisha. Jina amelikubali, akasema. Lakini jina si somo. Utaratibu unataka robo tatu ya maudhui, na muhtasari hauna. Shangazi alikuwa amelitegemea swali hilo na kuliogopa. Akatoa daftari lake la darasani, la jalada la kijani, ambalo hakulitupa kwa sababu hajawahi kutupa karatasi. Mhadhiri wao alikuwa haamini watu, kila mwisho wa mada alikuwa anasaini daftari la kila mtu kuhakikisha ameandika. Siku zile walimchukia darasa zima. Afisa akafungua muhtasari wa somo la chuo chake, mada kumi na mbili, akaanza kulinganisha. Moja ipo. Mbili ipo. Tatu haipo. Shangazi alikuwa anahesabu naye kimoyomoyo. Mada ya kumi haikuwepo, wala ya kumi na moja. Zilizokuwepo mpaka hapo ni nane. Ya kumi na mbili ilikuwa usomaji wa grafu, na daftari lilikuwa limefika ukurasa wa mwisho.

Ukurasa wa mwisho mtupu. Afisa akaanza kulifunga. Shangazi akaomba aligeuze. Grafu alizichora nyuma, kuanzia jalada la nyuma kuja mbele, kwa sababu kule kurasa zilikuwa safi zaidi. Sahihi ya mhadhiri ilikuwepo, imechorwa kichwa chini.

Tisa. Yule mama hakusema hongera. Alipiga nakala ya kila ukurasa, akamwambia ataandika mapendekezo, uamuzi si wake peke yake, asubiri barua. Shangazi alirudi nyumbani akalala na viatu.

Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu hakuna aliyetania kwenye kundi. Baba alinyoa mteja akamwacha sharubu moja. Barua ilikuja Jumatatu saa nane mchana. Shangazi aliifungua mbele ya bibi, akasoma namba peke yake, kisha akaisoma tena kutafuta kosa la uchapaji. Halikuwepo. Sitini. Bibi akauliza imetosha? Akajibiwa imetosha. Bibi akasema haya, basi nenda ukaniletee chai, na safari hii isiwe ya baharini.

Mngedhani imeisha hapo. Wiki iliyofuata alikwenda kuchukua kitambulisho. Dirishani kijana akamsukumia kadi yenye picha yake, na chini ya picha: Mwk. wa T. Shangazi akairudisha. Kijana akasema dada, si inaeleweka. Shangazi akamwambia hivyo ndivyo na yeye alivyodhani zamani. Akauliza T ni nini, Tatu, Tano au Tisa? Foleni nyuma ikaanza kuguna, mmoja akasema huyu mama ana mambo. Hakusogea. Akauliza safu inachukua herufi ngapi, kijana akasema hajui, hakuna mtu amewahi kuuliza. Basi jaribu, akamwambia, mimi nipo.

Kijana akaandika upya, mashine ikakoroma, kadi ikatoka ya moto. Mwaka wa Tatu, herufi zote. Shangazi aliipiga picha akaituma kwenye kundi bila maneno, na nukta moja chini yake.

Baba alijibu papohapo: Hongera, Mw.

Mpaka sasa hajasema ni Mw. gani.